Msituambie Hatusomi, Tuonyesheni Duka

Kuna msemo ambao kila anayeshika kipaza sauti nchini anaupenda: ukitaka kumficha Mtanzania jambo, liandike kitabuni. Nimeusikia kwenye semina, kwenye uzinduzi wa vitabu (ndiyo, hata huko), na safari moja kwenye msiba. Watu hucheka, hupiga makofi, wakaenda kula. Mimi umenichosha. Majuzi nilitenga siku nzima kuzunguka maduka ya vitabu ya watu binafsi hapa Dar es Salaam, na kadiri nilivyozunguka ndivyo nilivyozidi kuona kwamba msomaji yupo, tena hajajificha. Kinachotafutwa kwa tochi ni kitabu.

Nilianzia Samora, kwenye duka la TPH, na sidhani kama kuna pengine pa kuanzia. Tanzania Publishing House ilianzishwa mwaka 1966, na chini ya Walter Bgoya, aliyeiongoza tangu 1972, ilichapisha vitabu vilivyosomwa mbali na hapa. Kile cha Walter Rodney kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka 1972, TPH wakishirikiana na Bogle-L'Ouverture ya London, wakati Rodney mwenyewe akifundisha Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Bgoya baadaye akaanzisha Mkuki na Nyota, 1991, na vitabu vya kampuni hiyo ndivyo vinavyokupokea ukiingia pale leo. Shaaban Robert yupo, na majalada yake safi. Ipo Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis, iliyotoka 2022. Hebu fikiri: mzaliwa wa Unguja amepata Nobel 2021, ndipo mwaka uliofuata tukamsoma kwa Kiswahili. Nilisimama pale nikisoma kurasa za mwanzo muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, na hakuna aliyekuja kuniuliza kama nanunua au sinunui. Kwangu hicho ndicho kipimo cha kwanza cha duka la vitabu. Rafu baadaye.

Ukitoka hapo ukakatiza mitaa ya katikati ya mji, unawakuta wale wanaopanga vitabu chini, juu ya turubai. Kemia ya kidato cha nne, Sidney Sheldon, kamusi isiyo na herufi A, vitabu vya kutajirika haraka, Biblia ya kijani. Nawapenda hawa watu. Wengi wao wanaijua bidhaa yao kuliko wauzaji wenye viyoyozi. Niliyesimama kwake aliniuliza, "Mkuu, unasoma nini kwa sasa?" Nilipomwambia napenda za kipelelezi za zamani, akainuka, akaenda kwa mwenzake upande wa pili wa barabara, akarudi na riwaya ya Ben Mtobwa isiyo na jalada. Bei aliyotaja ilikuwa juu ya riwaya zote za Kizungu zilizokuwa mbele yangu. Nikalalamika. Akacheka: "Za Kizungu zinakuja kwa marobota, mkuu. Hii ukiiacha, kesho haipo." Tulishushana, nikalipa. Sasa niambieni, kama hatusomi, huyu bwana alijifunza wapi kwamba Mtobwa chakavu ana thamani kuliko Mmarekani mzima?

Kariakoo nilipita haraka. Ukiuliza duka la vitabu unaelekezwa kwenye daftari, rula na mashine ya kudurufu. Siwalaumu. Kitabu cha shule ndicho kilichokuwa kikimlipia riwaya kodi ya pango. Enzi ambazo wachapishaji binafsi walishindana kutoa vitabu vya kiada, duka liliuza hisabati mwezi wa kwanza likapata nguvu ya kuweka mashairi hadi mwezi wa kumi na mbili. Kazi hiyo iliporudishwa Taasisi ya Elimu Tanzania, mguu huo ukakatika. Serikali ilikuwa na sababu zake, maana vitabu vibovu vilikuwa vimejaa madarasani, lakini sijasikia hata siku moja mtu akihesabu hasara upande wa maduka.

Alasiri nikaenda Mikocheni, Soma Book Café, ambapo kitabu na kikombe cha kahawa vinakaa meza moja, na ambapo mashairi yamesomwa kwa sauti mbele ya watu. Kisha Slipway, kwenye A Novel Idea. Duka zuri, karibu kabisa na bahari, na Kiingereza ndicho kinachotawala rafu. Mtoto anayelelewa jirani na hapo ana bahati.

Na hapo ndipo penye hoja yangu. Kutwa nzima nilikuwa nimezunguka Posta, Kariakoo, Mikocheni na Masaki. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na wengi wao hawaishi kwenye mstari huo. Wako Mbagala, Chanika, Gongo la Mboto, Kimara. Fundi cherehani wa Chanika akitaka riwaya mpya, inabidi apoteze nusu siku, alipe nauli ya kwenda na kurudi, kisha atoe sh. 15,000 au zaidi kwa kitabu ambacho hana hakika kama atakikuta. Asipokwenda, tunapanda jukwaani kusema hasomi.

Huyo huyo alikuwa akisubiri gazeti la udaku kila wiki kwa ajili ya hadithi ya mfululizo. Eric Shigongo, mtunzi wa hadithi za namna hiyo, hakujenga jina lake kwenye rafu za maduka. Alilijenga kwenye meza za magazeti, stendi na vibandani, mahali watu wanapopita hata bila kukusudia. Leo simulizi hizo zimehamia WhatsApp: sehemu ya kwanza bure, ukinogewa unatuma pesa kwa simu ndipo unaletewa zilizobaki. Dada anayeuza genge mtaani kwetu amelipia. Mimi mwenyewe nimewahi kulipia, saa sita za usiku, na mwandishi alikuwa bado macho.

Najua jibu la wenye maduka. Pango ni kubwa, na mwandishi anayejichapia mwenyewe anakuja na nakala chache za mali kauli, kisha anapiga simu kila baada ya siku mbili kuuliza zimeuzwa ngapi. Wala simwambii mtu afungue duka la vioo Mbagala. Nasema kitabu cha Kiswahili kitoke dukani kiwafuate watu. Kituo cha mabasi cha Magufuli pale Mbezi, abiria wa Mwanza anaweza kukaa saa nzima akisubiri gari na safari ya kutwa iko mbele yake. Kwenye stendi nilizopita mimi, nimeuziwa maji, karanga, spika za masikioni na mikanda ya suruali. Riwaya sijawahi kuuziwa.

Muuza magazeti wa Mbagala Rangi Tatu apewe nakala tano kwa mali kauli, zisizouzika azirudishe, kama anavyorudisha magazeti yaliyobaki. Mchapishaji atakayesema usambazaji wa namna hiyo hauwezekani, anieleze gazeti linafikaje pale kila alfajiri.