Tonga kuwazuia madaktari wa nje baada ya tsunami: mimi nawaelewa

Volkano ya Hunga ilipolipuka Januari 15, 2022 na tsunami ikapiga visiwa vya Tonga, nchi ndogo kwenye bahari ya Pasifiki, kuna uamuzi wa serikali yao uliowakera watu wengi. Walisema misaada leteni, tunashukuru, ila watu wenu wabaki melini. Mizigo inashushwa bila kugusana, inakaa masaa 72 ndo inagawiwa, na mgeni anayetaka kukanyaga nchi kavu anakaa karantini siku 21. Mpaka leo kwenye mijadala ya majanga bado inatajwa kama mfano wa ukaidi, eti watu wana shida halafu bado wanachagua mkono wa kuwapa.

Hoja ya wanaolaumu sio ya kupuuza hata kidogo. Manowari ya Australia, HMAS Adelaide, ilifunga gati Nuku'alofa, mji mkuu wa Tonga, Januari 26 ikiwa na hospitali ya vitanda 40 ndani yake. Wakati huohuo kule Nomuka, visiwa vya Ha'apai, kituo cha afya kilikuwa kimesombwa na maji, na kisiwa cha Mango hakikubaki na nyumba hata moja. Kebo ya intaneti ya kwenda nje ya nchi ilikatika, kuirudisha ikachukua wiki kama tano, kwahiyo nesi aliye kisiwa cha mbali akipata mgonjwa aliyemzidi uwezo hana hata wa kumpigia simu amuulize. Ukitazama hapo tu utasema jamani fungueni mlango.

Sasa twende ndani ya hiyo meli. Mabaharia 23 walikuwa na Korona. Kabla yake ndege ya misaada kutoka Australia ilishageuza njiani baada ya mtu mmoja kukutwa nayo. Na Tonga tangu janga lianze ilikuwa imepata mgonjwa mmoja tu, msafiri aliyegunduliwa akiwa karantini. Watu kama laki moja, hospitali kubwa ni moja, halafu uruhusu waliotoka kwenye meli yenye wagonjwa 23 wasambae visiwani kwenda kuhudumia wazee wanaovuta majivu ya volkano? Mimi kwa kweli nisingesaini.

Na hapa ndo naona wengi hawaelewi, wanadhani ule ulikuwa woga wa Korona tu. Hapana. Mwishoni mwa Oktoba 1918 meli ya Talune ilitoka Auckland, New Zealand, ikiwa na watu wenye mafua makali, Novemba 7 ikatia nanga Apia, Samoa, visiwa jirani na Tonga, watu wakashuka. Ndani ya miezi michache Samoa ile ikapoteza watu kama 8,500, zaidi ya mmoja kati ya watano! Piga hesabu mtaani kwako, nyumba kwa nyumba, kila watu watano mmoja hayupo, na wanaotakiwa kuchimba kaburi nao wamelala hoi. Meli hiyohiyo ikaendelea mpaka Tonga na kule pia ikaua watu wengi. Lakini jirani za hao Wasamoa, Samoa ya Marekani, visiwa vya palepale, gavana wao John Poyer alifunga bandari na hakufa hata mtu mmoja kwa mafua yale. Sifuri. Halafu 2019 surua ikaingia tena Samoa ikaua watu 83, wengi ni watoto chini ya miaka mitano. Kweli safari hiyo timu za madaktari wa nje zilikuja na zilisaidia sana, hilo siwezi kulificha, lakini surua ilikuwa imeshaingia ndani, hakukuwa na cha kuzuia tena mlangoni.

Kingine, kuzuia wageni hakukumaanisha wagonjwa wametelekezwa. Boti ya jeshi la majini la Tonga ilibeba timu ya afya ya wenyewe mpaka Ha'apai, wakasimamisha hospitali ya mahema palepale Nomuka. Hawa wanajua lugha, wanajua miamba ilipo, na aliyewahi kuvuka kwenda Mafia bahari ikiwa imechafuka anajua hilo sio jambo dogo. Vanuatu, nchi nyingine ya visiwa huko Pasifiki, nayo ilifanya hivyohivyo Aprili 2020 baada ya kimbunga Harold, mipaka ikiwa imefungwa. Na ni Vanuatu hiyohiyo 2015 baada ya kimbunga Pam maofisa wake walilalamika kwamba mashirika yamefurika kila mtu na ratiba yake, muda wa kuhudumia watu unaishia kuwapanga wageni.

Najua mtu atasema mbona Korona iliingia tu. Ndio, Februari 1 wafanyakazi wawili wa bandarini wakakutwa nayo na nchi ikafungwa. Lakini zile wiki mbili na ushee ndo majeruhi walitibiwa, majivu yakafagiwa na watu wakahamishwa kutoka Mango bila wimbi la ugonjwa juu yao. Vifo rasmi vya Korona Tonga havikufika 20. Sifa kubwa hapo ni ya chanjo, wengi walishachanjwa, ila kuchelewa kwa ugonjwa nako kulisaidia.

Ninapokubaliana na wanaolaumu ni kwenye mawasiliano. Daktari anaweza kubaki melini na bado akamsaidia nesi wa Nomuka, ila sharti wawe na njia ya kuongea. Simu za satelaiti zilitakiwa ziwe kwenye kila kituo cha afya kabla ya volkano, pamoja na mafuta ya boti, na hiyo ndo pesa ambayo wafadhili hawapendi kuitoa maana haina picha ya ndege inatua.