Treni Yangu Haifiki Jikoni

Aisee, treni ya kweli ilipoacha kuleta abiria Moshi tulivumilia miaka na miaka, mpaka Desemba 2019 iliporudi kutoka Dar. Ile ina kisingizio, safari ni ndefu. Hii ya kwangu reli yake yote imezunguka meza ya sebuleni, na bado haifiki jikoni.

Niliiokota mtumbani: kichwa, mabehewa manne na transfoma ya kutoa volti 12. Mama Neema nilimwambia ni ya mtoto. Neema ana miezi saba.

Ukiiwasha inaondoka kwa madaha, taa mbele. Ikikaribia kona ya jikoni inaanza kuvuta miguu kama Hiace inayopanda Kibosho na watu wamekalia mpaka injini. Halafu kimya.

Nikaita fundi, huyu anayewaya nyumba nzima mpaka taa ya geti. Akagusisha testa yake ya kataa kadogo kwenye reli. Haikuwaka.

"Mangi, hapa hamna umeme."

"Mbona inatembea?"

Akaangalia treni, akaangalia testa, akaamini testa. Kumbe testa ile ni ya umeme wa ukutani, wa volti 230. Volti 12 haizioni hata kidogo. Elfu tano yangu ikapanda bodaboda ikaondoka naye.

Nikaazima mita kwa kijana anayetengeneza redio. Nikapima treni ikiwa inahangaika relini: jirani na transfoma 12, kona ya jikoni 7. Hizo tano zililiwa njiani, kwenye vile vibati vinavyounga kipande cha reli na kipande. Vikilegea au vikishika kutu, umeme unapita kwa kuomba. Na treni inachota umeme kwa magurudumu, reli hii na reli ile, kwa hiyo uchafu kidogo tu inasusa.

Nikachukua stilwaya ya masufuria nikasugua. Usijaribu! Vinyweleo vya chuma vilirukia sumaku ya mota, treni ikaota ndevu. Nilivichomoa kimoja kimoja kwa kikoleo cha nyusi, Jumapili asubuhi, mwenyewe akikitafuta nyumba nzima. Baadaye nikafuta reli kwa spiriti. Kitambaa kikatoka cheusi utadhani nimefuta kibatari.

Mwisho nikavuta nyaya mbili kutoka transfoma, nikazipitisha chini ya mkeka, nikazilehemu kwenye reli za kona ile. Mara ya kwanza nilipishanisha, ya kushoto nikaipeleka kulia. Shoti! Transfoma ikajizima. Nikageuza. Mita ikasoma 11 na nusu, treni ikapita kona bila hata kusalimia.

Nikapiga kelele kama nimezindua reli ya taifa. Mama Neema akachungulia.

"Baba Neema, kama linafika huku, lilete chumvi."

Nikapakia vijiko viwili kwenye behewa la wazi. Ikafika jikoni, behewa likapinduka, chumvi yote relini. Transfoma inanguruma, treni imegoma, na spiriti niliimaliza Jumapili.