Bima ya afya uswahilini: watu hawagomi, utaratibu ndio haujawafikia

Simama jioni karibu na duka la dawa pale Mbagala Rangi Tatu uangalie watu wanavyonunua dawa za presha. Wengi hawanunui za mwezi. Mtu anatoa buku, anakatiwa vidonge vichache, anaondoka, na vikiisha kabla hajashika hela nyingine anakaa hivyohivyo mpaka biashara ichanganye. Huyu anatumia fedha kwa afya yake mwaka mzima, ila kidogokidogo na kwa kuchelewa. Halafu tunasema hataki bima.

Mfano mzuri ni Toto Afya Kadi, bima ya watoto iliyoanzishwa na NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, mwaka 2016. Mzazi alimlipia mtoto Sh 50,400 kwa mwaka. Gawanya, utapata kama Sh 140 kwa siku, na mama lishe wa Tandale anaimudu. Asichoweza ni kuitoa hamsini elfu kwa mkupuo wakati kodi ya chumba imefika na mkopeshaji wa kausha damu yuko mlangoni. Kwa hiyo waliojitokeza kwa wingi walikuwa wazazi ambao watoto wao walikwishaanza kuugua, na Machi 2023 Mfuko ukasimamisha usajili wa mtoto mmojammoja kwa sababu malipo ya matibabu yaliizidi mno michango.

Wengi tuliumia na uamuzi ule. Hata hivyo, hoja ya Mfuko haikuwa ya kubeza. Bima ni wazima kuwachangia wagonjwa, nao wagonjwa wakibaki peke yao hakuna mfuko utakaosimama, uwe wa serikali au wa kampuni binafsi. Anayeidai bima ipokee kila mtu, wakati wowote, kwa bei ya chini, anaidai ife.

Ila kuna swali ambalo watu wa bima hawajalijibu vya kutosha: kwa nini mlango uliozoeleka ulikuwa wa mtu kuja peke yake na fedha ya mwaka mzima? Dar es Salaam imejaa vikundi. Kuna vikoba, kuna michezo ya akina mama yenye vijumbe wanaokusanya kila siku bila kukosea hesabu, kuna vijiwe vya bodaboda vyenye viongozi na daftari la wanachama. Kikundi kikisajiliwa chote kwa pamoja, wazima na wagonjwa wanaingia kwa mlango mmoja, na ile hofu ya kupata wagonjwa watupu inapungua sana. Mchango unaweza kulipwa kwa simu kila siku au kila wiki.

Njia hii ina gharama zake. Kukusanya hela ndogondogo kila siku kunakula makato ya muamala, na vikundi huvunjika, pengine kwa ugomvi wa mtu mmoja. Lazima iamuliwe mapema kikundi kikikosa mchango wa wiki mbili mwanachama anatibiwa au anarudishwa. Mimi naona atibiwe, deni libaki kwa kikundi.

Kadi yenyewe nayo si matibabu. Mwenye kadi akifika zahanati akaandikiwa dawa, kisha dirishani akaambiwa akanunue nje, amelipa mara mbili, na jirani zake watasikia kabla ya magharibi. Wala hospitali binafsi si kimbilio la uhakika: Machi 2024 baadhi yake ziligoma kuwahudumia wanachama wa NHIF kwa siku kadhaa, zikipinga bei za kitita kipya cha mafao, yaani orodha ya huduma ambazo Mfuko hulipia.

Hapa ndipo mlipaji, yaani mwenye bima anayezilipa hospitali, ana nguvu kuliko anavyokiri. Madai ya malipo ya vituo yanayomfikia yanamwonyesha wagonjwa wametibiwa wapi na waliugua nini. Presha isiyotibiwa huharibu figo, na figo zikishindwa mgonjwa husafishwa damu, kwa kawaida mara tatu kwa wiki. Vidonge vya presha ni rahisi mno ukilinganisha na hayo. Mlipaji anaweza kuilipa zahanati ya Vingunguti kwa idadi ya watu ambao presha yao imedhibitiwa, badala ya kungoja ankara ya hospitali kubwa.

Kampuni binafsi zitajibu kwamba mteja wao ana mkataba wa mwaka mmoja, na faida ya kinga ya leo itavunwa na kampuni nyingine miaka kumi ijayo. Kwao jibu hilo lina mantiki, na ndiyo maana sitegemei waanze wao. NHIF hana kisingizio hicho: mtu akiharibikiwa figo akiwa na miaka hamsini, mzigo utaishia kwenye mfuko wa umma au kwa familia yake.

Anabaki yule ambaye hata hela hiyo ndogo ya mchango hana. Kuibebesha kampuni ya bima mzigo wake ni kuwapandishia wengine michango. Huyo ni wa serikali, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inakubali hivyo: iliweka mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo, ikataja vyanzo kama ushuru wa vinywaji na vipodozi. Fedha hizo zinatakiwa zifike kwenye vituo kwa wakati. Zikichelewa, mganga mfawidhi atapokea wagonjwa wenye kadi halali huku stoo yake haina dawa, na wenye kadi watarudi kununua vidonge vya buku.