Kifuniko cha Shemeji

Shemeji yangu amekulia Moshi, na kwa sababu hiyo anajihesabu kuwa mtaalamu wa theluji. Kwamba theluji yenyewe ilikuwa juu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro chenye mita 5,895, na yeye alikuwa chini kwenye migomba akiitazama kwa mbali, ni jambo asilolipa uzito wowote. Mimi mzaliwa wa Tanga sina theluji ya kujivunia, na tangu tulipohamia Minnesota, huku Marekani, kila ninalosema kuhusu baridi hupokewa kwa tabasamu la huruma.

Aliponunua pikipiki mbili za theluji zilizokwishatumika, zile zenye skii mbele na mkanda mpana wa kuendeshea chini badala ya magurudumu, pamoja na trela la wazi la kuzibebea, yaani jukwaa tupu la alumini lenye upana wa futi nane na nusu, lisilo na kuta wala paa, hakuniuliza neno. Aliniomba ushauri kuhusu kifuniko tu, na hata huo aliuomba akiwa tayari na jibu lake.

Msomaji asiyezijua nchi za baridi anaweza kudhani kwamba kifuniko ni cha kuikinga pikipiki dhidi ya theluji, ilhali chombo hicho kimeundwa kuishi ndani ya theluji. Adui wake ni barabara. Majira ya baridi barabara za huku humwagiwa chumvi ili kuyeyusha barafu, na kwa kuwa chumvi ya kawaida huanza kushindwa kazi baridi ikizidi nyuzi 9 chini ya sifuri, wahudumu wa barabara huichanganya na vitu kama kloridi ya magnesi, ambayo hunyonya unyevu na kung'ang'ania chochote inachokigusa. Tope hilo hurushwa nyuma na magurudumu ya gari linalovuta na kutua juu ya skii, springi na viungo vya nyaya, kiasi kwamba mtu akitoka Minneapolis hadi Duluth, mwendo wa kilomita 250 hivi, bila kinga yoyote, hufika na pikipiki zilizokolea chumvi kama ng'onda.

Muuzaji wa duka tulilokwenda, mzee mpole asiyekuwa na haraka, alituonyesha kila aina. Kulikuwa na vifuniko vya pikipiki moja moja, vilivyoshonwa kwa umbo la kila modeli, vyenye mpira kwenye pindo na mikanda ya kukazia. Kulikuwa na vingine vyepesi vya kuhifadhia tu gereji, ambavyo lebo yake inakataza kabisa kuvitumia safarini, kwa sababu kitambaa kilicholegea hupigapiga na kusugua kioo cha mbele mpaka kinafifia. Kulikuwa na ngao ya kufungwa mbele ya trela, inayopokea tope na changarawe kabla hazijafika kwenye pikipiki. Kulikuwa na paa gumu la faiba linalofunguka kwa bawaba, ambalo bei yake tuliisoma na kulipita kwa heshima. Mwisho, kwenye kona ya vitu vilivyokwishatumika, lilikuwapo fuko moja kubwa la kuvika trela zima, lenye fremu ya mabomba na zipu ndefu upande wa nyuma.

Maoni yangu yalikuwa wazi, na mpaka leo sijayabadili: vifuniko vya moja moja vinavyobana, pamoja na ngao ya mbele. Kitambaa kinachokaa karibu na chombo hakiupi upepo mahali pa kuingia, na nguvu ya upepo si ya kufanyiwa mzaha, kwa kuwa ukiongeza mwendo wako mara mbili, yenyewe huongezeka mara nne.

“Shemeji,” aliniambia kwa upole, “wewe ni mtu wa ngalawa. Mambo ya huku niachie mimi.”

Nilimkumbusha kwamba kati ya mtu wa ngalawa na mtu wa migomba, anayejua upepo unaweza kukifanyia nini kitambaa si yule wa pili. Hakunijibu, na siku hiyo tuliondoka na turubai la buluu, lililokuwa rahisi kuliko vyote.

Habari za turubai ni fupi. Lilifika mji wa Hinckley, katikati ya safari ya Duluth, likiwa limebaki kamba na vishimo vyake vya bati. Sehemu nyingine zote zilikuwa zimetawanyika kando ya barabara kuu ya 35, na dereva mmoja wa lori alitupita akipiga honi kwa namna isiyohitaji mkalimani.

Shemeji alirudi dukani peke yake na kulinunua lile fuko kubwa. Kuanzia siku hiyo hakuna mgeni aliyeingia nyumbani kwake asielezwe kwamba kitambaa hicho ni cha denia 600, maana yake mita 9,000 za uzi wake zina uzito wa gramu 600, na kwamba tayari tulikuwa tumekwisha kuuona mwisho wa chumvi. Lazima niseme kwamba lilikuwa limeshonwa vizuri. Lilikuwa hata na matundu ya hewa yenye vikofia, ya kuzuia ukungu ndani. Tulipanga kwenda nalo Duluth na kuingia kwenye njia ya pikipiki za theluji iitwayo North Shore, inayokwenda karibu kilomita 235 mpaka Grand Marais, na kwa kuwa ndani ya fuko palikuwa pakavu na salama kuliko mahali pengine popote duniani, shemeji aliweka humo mabuti yetu, glavu, makoti mazito na kofia za chuma. Sisi tukapanda gari tukiwa na viatu vya kwendea kazini.

Tulifika Duluth asubuhi, baridi ikiwa nyuzi 24 chini ya sifuri. Upande wa nyuma wa trela ulikuwa umegeuka ukuta wa kijivu, kwa maana tope lote la safari lilikuwa limeuzunguka mgongo wa fuko, likajaa kwenye zipu na kuganda. Zipu haikusogea hata jino moja. Shemeji aliivuta kwa mikono miwili, kisha kwa koleo, mpaka kishikio kikambakia mkononi, naye akakitia mfukoni kimyakimya.

Ndipo likamjia wazo la chai. Alikuwa na chupa ya chai ya tangawizi, aliyopikiwa na dada yake kwa ajili ya safari, na kabla sijavuta pumzi ya kumkataza alikuwa amekwisha kuimimina yote juu ya zipu. Kwa muda mfupi mvuke ulipanda na meno matatu yakaachia. Kisha chai nayo ikaganda, na sasa tulikuwa na zipu iliyofungwa kwa barafu ya aina mbili, mojawapo ikiwa na sukari.

Mhudumu wa kituo cha mafuta alitushauri tuliingize trela kwenye banda la kuoshea magari lenye maji ya moto. Ushauri ulikuwa mzuri, na zipu ilifunguka. Lakini shemeji, kwa furaha ya kuona barafu inakimbia, aliendelea kupuliza maji kila mahali, pamoja na kwenye yale matundu ya hewa, ambayo vikofia vyake vilishonwa kwa ajili ya maji yatokayo juu na si kwa mtu aliyeinama chini na bomba la shinikizo. Nilimpigia kelele, lakini bomba lilikuwa na sauti kunizidi. Tulipofungua, pikipiki zote mbili zilikuwa zinachuruzika, na mabuti yangu yalikuwa yamejaa mpaka kwenye kifundo.

Muda wa banda ulikuwa wa kulipia kwa sarafu, na sarafu zilikuwa zimekwisha. Tulitoka nje. Kufikia maegesho ya hoteli, kibonyezo cha mafuta hakikubonyezeka, mikanda ya kuendeshea ilikuwa imeng'ang'ania jukwaa la trela, na koti la shemeji, alipolishusha chini ili apate kufunga mlango, lilibaki limesimama wima pembeni yake.

Siku yote ile tuliimaliza kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, tukilisha mashine ya kukaushia nguo. Shemeji alikaa muda mrefu bila kusema, kisha akaniambia, “Lakini shemeji, umeona mwenyewe. Chumvi haikuingia hata chembe.”

Juma lililofuata alinichukua tena dukani. Yule mzee alitutandikia mezani kifuniko cha pikipiki moja, akaanza kueleza habari za kitambaa, mpira wa pindo na mikanda, lakini shemeji alimkatiza kwa adabu.

“Kina zipu?”

“Hakina.”

“Basi nipe viwili.”