Bahari yetu tamu kuliko ya Wajerumani, tatizo geti

Ikifika Juni watu wa hapa Hamburg wanapagawa na bahari. Kazini, kwa kinyozi, kwenye kikao cha wazazi shuleni, stori ni moja tu, nyie mnaenda ufukwe gani, mmeshapata nyumba ya kupanga, mbwa wanaruhusiwa? Nikisema natoka Dar wananitolea macho, sasa wewe unafata nini huku kwenye maji ya barafu. Nafata mshahara bana, nifate nini kingine.

Kiukweli bahari yao haifiki ya kwetu hata robo, na hili nalisema nikiwa nimeshaoga sana tu kwenye hiyo Baltiki. Mwezi wa nane, ambao kwao ndio kilele cha joto, maji yanacheza nyuzi 18 mpaka 20 na watu wanajitosa wanacheka. Dar mwezi huo huo tunalalamika upepo wa kusi umeleta baridi, shangazi kavaa sweta, na maji yako kama nyuzi 25. Alafu chumvi hamna. Upande huu wa Lübeck inakuwa nusu ya chumvi ya Bahari ya Hindi au pungufu, ukimeza kwa bahati mbaya unaona kama umekunywa supu aliyopika mtu asiyekupenda.

Ila kilichonichanganya kuliko vyote ni kwamba haipwi. Yani unafika asubuhi maji yapo pale, unaondoka jioni yapo pale pale, labda upepo uyasogeze kidogo. Sisi siku za bamvua tofauti ya kupwa na kujaa inapita mita tatu, maji yakitoka yanakuachia uwanja mzima wa mchanga na vidimbwi, watoto wanakimbizana na kaa na kuokota kiti cha pweza, kina mama na vyuma vyao wanachokoa pweza kwenye miamba, na baada ya masaa sita hivi pale ulipokuwa unatembea panazamisha mtu mzima. Kwa hiyo kwetu ukitaka kwenda kuogelea kwanza unauliza maji yanajaa saa ngapi, mzee mmoja wa mtaani anaangalia mwezi anakwambia. Mjerumani yeye anaangalia mvua tu kwenye simu.

Kipande changu cha pwani ni Mjimwema, Kigamboni. Sio Zanzibar, sio Bagamoyo, ufukwe wa Coco naiheshimu kwa ajili ya mihogo na pilipili yake lakini moyo uko Mjimwema. Tulikuwa tunakaa Temeke na daraja la Nyerere lilikuwa bado (lile la mita 680 limefunguliwa 2016, sasa hivi watu wa Temeke wanakatiza tu Kurasini wako ng'ambo), kwa hiyo ilikuwa daladala mpaka Kivukoni alafu pantoni. Na hatukuwa tunaenda wikiendi wikiendi kama wenye magari, ilikuwa sikukuu, Idi pili hasa. Bi mkubwa anaamka usiku anapika pilau, sufuria linafungwa kanga, anabebeshwa kaka mkubwa na ole wake alimwage, mwingine mkeka, mwingine dumu la maji, shangazi wawili, na watoto wa jirani ambao mpaka leo sijui nani aliwaalika. Pale Feri tunapita sokoni kuongezea vibua vya kukaanga, wanakaanga pale pale kwenye makarai makubwa, vinafungwa kwenye gazeti, harufu inatutesa pantoni nzima. Ng'ambo tunapanda tena gari, tunashuka, tunatafuta kivuli kwenye mivinje, mkeka chini. Basi. Nani anakuuliza umelipa wapi? Tairi za ndani za malori zinakodishwa kwa sarafu, hakuna mwenye nguo ya kuogelea, dada zetu wanaingia na madera, bi mkubwa anaingia na kanga mpaka kiunoni anajimwagia maji kwa mkono, anasema imetosha, anarudi kulinda sufuria. Ukoo wa pembeni ukiishiwa ndimu wanakuja kuomba kwetu, jioni watoto mmechanganyika mpaka mnahesabiwa upya wakati wa kuondoka.

Huku sasa. Unapanda treni, unabadilisha Lübeck, unashuka kituo kinaitwa Travemünde Strand, mwendo mdogo tu uko kwenye mchanga. Wana viti vyao vya kusukwa, vikubwa, vina paa na ubavu wa kuzuia upepo, vinaitwa Strandkorb, fundi vikapu mmoja wa Rostock anaitwa Wilhelm Bartelmann alitengeneza cha kwanza 1882 na mpaka leo ufukwe mzima umejaa. Mnakodi, mnaingia wawili, mnageuzia jua, mnanyamaza. Kila familia kwenye kiti chake na mipaka yake. Siku moja mwanangu wa kiume alienda kukaa kwenye mchanga wa watu akaanza kuchimba na koleo lao, kwetu hilo hata halionekani, huku ikabidi niende kuomba radhi na yule mama akasema hakuna shida kwa sauti ambayo shida ilikuwepo. Hakuna wa kumtuma, hakuna wa kumwachia mtoto ukaoge, unakula mkate wako wa nyumbani saa sita unasikiliza ndege wa baharini wanavyogombana.

Kwa hiyo kwa raha ya familia Dar inashinda mapema tu. Lakini kuna kitu wenzetu wanacho na kinaniuma, na ndicho kimenifanya niandike.

Huku njia ya kwenda majini iko wazi. Kuna mahoteli ya kifahari yamejipanga, lakini katikati yake kuna vichochoro, kuna njia ya mbele inayopita ufukwe mzima, bibi wa pensheni na mwenye gari la euro laki wanakanyaga mchanga ule ule. Miji mingi ya pwani inatoza kodi ndogo inaitwa Kurtaxe, euro chache kwa mtu mzima kwa siku, wengine hawaipendi wananung'unika, ila unaiona hela yako ilipoenda, vyoo vipo, mapipa yanazolewa, na kuna mnara wa waokoaji. Hao waokoaji nao wana historia yao, mwaka 1912 gati la huko Binz lilivunjika watu wakafa maji, mwaka uliofuata wakaanzisha chama kinaitwa DLRG, na mpaka kesho vijana wanajitolea likizo zao kukaa pale juu na darubini. Binti yangu kabla hata ya kujua kusoma vizuri alikuwa na beji ya Seepferdchen, ambayo haipati mpaka aogelee mita 25 bila kushikwa. Mtoto wa mji usio na bahari anafundishwa kuogelea! Mi nimekua naiona Bahari ya Hindi kila nikienda mjini na nimejifunza kuogelea ukubwani, kwenye bwawa la klorini, Hamburg.

Sasa njoo nyumbani. Likizo iliyopita tumeenda kule kule Kigamboni, nikakuta ukuta, geti, mlinzi. Hoteli moja, siitaji. Kiingilio kwa kila kichwa, sawa tutalipa, chakula cha kutoka nje marufuku. Nikamwambia kaka, mi nataka kupita tu nifike majini, akanijibu kwa upole kabisa, mzee hapa hakuna njia, nenda mbele. Mbele tukakuta ukuta mwingine. Wanangu wanauliza baba bahari ni ya nani, na wao wamezaliwa Ujerumani.

Sheria tunayo. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Mita 60 ni zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira, pima mwenyewe kuta za Dar kuanzia Mbezi Bichi mpaka Kigamboni uone ngapi zimeacha hata kumi. Najua jibu, tukiacha wazi watu watachafua. Wanachafua kweli, jamani mifuko na chupa nimeziona na nimekasirika kama nyie. Lakini uchafu dawa yake si ni kuzoa na kutoza faini, na hata ukitoza shilingi mia tano ya usafi mwenye sufuria la pilau anailipa. Ukuta hauzoi taka, unachagua nani aingie, na wa kwanza kubaki nje ni wale waliokuwa wanakuja na pantoni siku ya Idi. Wanabanana kwenye vipande vilivyobaki ambavyo havina mwokoaji wala bendera wala mtu wa kuwaambia mkondo uko wapi, na nyinyi mlioko Dar mnajua habari za watu kufa maji zinazotoka baada ya kila sikukuu.

Sisi wa majuu nasi tuna mchango wetu kwenye hili. Tukishuka Desemba tunakimbilia hotelini, tunapiga picha na dafu, tunapost, wamiliki wanaona soko ndo hilo. Wanetu wanarudi Ulaya wakijua Dar ni bwawa la kuogelea na sandwichi.

Desemba hii tunakuja tena, upepo utakuwa kaskazi na maji yana joto. Nimeshaongea na shangazi. Amesema pilau atapika yeye, kibua tutapitia Feri, ila Mjimwema nisahau, siku hizi wao wanaenda mbali zaidi, huko Kimbiji, mwendo umeongezeka na bajaji ni ghali. Nikamuuliza na Kimbiji napo je, akasema panaanza kuzungushiwa, kwa hiyo nisichelewe.