Makapi Yale Hayainui Kitu

Juzi kwenye kundi letu la wapiga picha jamaa mmoja katundika picha ya lifti ya boti ya Anderton, kule Cheshire, Uingereza. Anga la waridi, maji shwari, kutu yote imefutwa kwa kompyuta. Juu kabisa magudumu na makapi ya kupitishia kamba yanang'aa. Chini kaandika kwamba magudumu hayo yanainua boti tangu 1875. Mioyo myekundu ikamiminika. "Hongera kaka!" "Kamera gani hiyo?"

Jamani. Mwaka 1875 magudumu hayo hayakuwepo. Na leo hayainui hata bata.

Nilipolisema hilo nikaambiwa nina wivu. Haya, nina wivu. Bata bado yuko majini.

Anderton ni mashine mbili zilizovaana. Ya kwanza, ya Edward Leader Williams na Edwin Clark, iliunganisha mto Weaver na mfereji wa Trent na Mersey unaopita kama mita 15 juu yake. Mabeseni mawili ya chuma yaliyojaa maji, kila moja linabeba boti mbili nyembamba, kila moja limekaa juu ya pistoni yake, na silinda zao, zilizojaa maji ya mfereji, zimeunganishwa kwa bomba. Beseni la juu likizidi maji kidogo linashuka, na kushuka kwake kunalipandisha la pili. Pembea ya watoto, basi. Utamu wenyewe uko hapa: boti ikiingia na shehena yake ya chumvi, beseni haliongezeki uzito, kwa sababu boti inasukuma nje maji yenye uzito uleule. Nionyesheni picha ya machweo inayosema hivyo.

Kilichoiponza ni maji ya mfereji. Yalichafuliwa na kemikali, nayo yakazitafuna silinda na pistoni. Ndipo kati ya 1906 na 1908 ikajengwa fremu kubwa kuizunguka na kuifunika ile ya zamani, pamoja na mota za umeme, makapi, kamba za waya na vyuma vizito vya kusawazisha, kila beseni likajitegemea. Magudumu ya jamaa yetu ndiyo hayo. Yalizunguka hadi 1983, kutu ikafunga kazi kwa mara nyingine. Ilipofunguliwa tena 2002, mafundi walirudi kwenye pistoni, safari hii zikisukumwa na mafuta badala ya maji ya mfereji. Fremu ya 1908 ikabaki pale juu, pambo. Vile vyuma vya kusawazisha vikajengewa njia za kupotezana kwenye bustani ya wageni. Miaka yote ile vilibeba mzigo, na sijaona mtu akivipigia hata picha moja ya simu!

Waingereza wameipa jina la kanisa kuu la mifereji. Labda ndiyo maana kila mwenye kamera anatazama juu akitafuta malaika.

Ninachodai ni kidogo. Ukipiga picha mashine, ionyeshe inafanyaje kazi. Shuka chini upande wa mto, tafuta mahali pistoni inapokutana na beseni, subiri boti iwemo ndani na nahodha wake mwenye kofia iliyochakaa. Na kutu iache! Kutu ndiyo iliyoimaliza mashine ya kwanza na ndiyo iliyoisimamisha ya pili. Kuifuta ni kumharibia mtuhumiwa ushahidi. Umebakiza nini sasa? Chuma cheusi na anga zuri. Chuma na anga hata kituo cha treni kinavyo.

Najua mtaniuliza boti nitaipata wapi, maana 2022 lifti ilifungwa tena. Hoja hiyo naikubali, shingo upande. Lakini kufungwa nako ni habari: piga basi uzio, piga kibao cha onyo, piga beseni lisilokwenda popote. Nakubali pia kwamba makapi yale alfajiri yanapendeza. Hata kwenye simu yangu yapo. Sijayasingizia kazi, basi.

Lenzi pana, sina ugomvi nayo. Droni iache nyumbani: kutoka angani utaona fremu ya 1908 na magudumu yake tu, na magudumu tumeshayaona ya kutosha.