Shorobo hakuumbwa akae tunduni

Juzi nimepita hoteli moja huku Tanga, sitaji jina, nikakuta shorobo, yule ndege wa kijani wa msituni, kafungiwa kwenye tundu pembeni ya mapokezi, watu wanapiga naye selfi, na mhudumu ananiambia wamemuweka apendezeshe mazingira. Hasira niliyopandwa nayo haijashuka mpaka leo.

Jamani, uzuri wa shorobo uko kwenye mbawa! Akitulia tawini unaona kijani, kishungi, duara jekundu la jicho na mstari mweupe chini yake, na kijani chenyewe kinapotelea kwenye majani unaweza ukasimama chini ya mti aliopo usimuone kabisa, ila akiruka tu akakunjua mbawa inatoka nyekundu kali mpaka unashtuka. Hiyo nyekundu ina shaba ndani yake, wakemia wameijua tangu 1869. Na kijani chake ni rangi kweli, wakati ndege wengi wa kijani tunawaona hivyo kwa sababu ya mwanga unavyopiga kwenye manyoya yao. Sasa humo tunduni ataruka aende wapi? Mmemfunga ndege halafu mmeuficha uzuri wote mliomfungia.

Kuruka mbali si kazi yake sana, nakubali, lakini nenda msitu wa Amani huko Usambara ukamwone anavyokimbia juu ya matawi kama ngedere, kidole cha nje kinageuka mbele na nyuma kwahiyo anashika tawi vizuri, anakula kuyu hapa, anahamia mti mwingine kule, mbegu anazidondosha na kinyesi njiani. Miti inapandwa hivyo bila mradi wala semina. Na aina hii yetu ya pwani porini ipo kuanzia kusini mwa Somalia, pwani ya Kenya, mpaka Usambara na Unguja, basi.

Haya, serikali ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi 2016, ilisaidia. Ila marufuku ya kusafirisha inamsaidia nini aliyefungwa hapa hapa nyumbani?

Wanaosema analishwa vizuri, anashiba papai, sawa, ashibe, bado ni mfungwa.

Ila msiende kumfungulia mlango usiku kwa hasira, nawaomba sana, aliyekaa tunduni muda mrefu anaweza kufa njaa huko nje. Mpigieni afisa wanyamapori wa wilaya, asipofika mpigieni tena, mpaka aje.